Bi mkubwa anataka kumwona mjusi wa Tendaguru, Berlin. Kuna pa kukaa?

MwanaMtama:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Hamburg mwaka wa sita sasa. Mama kaja kutoka Lindi, na hata begi la korosho hajalifungua kasema, "Nipeleke nikamwone yule mjusi." Yule dinosaria wa Tendaguru, kilima cha kwetu Lindi, ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba wakaipeleka kwao, anayeulizwa Bungeni kila baada ya muda. Jumamosi tunakwenda makumbusho ya Berlin alikowekwa: mimi, yeye na wanangu wawili, wa miaka 9 na 5.

Magoti yake mabovu, hasimami nusu saa. Kuna pa kukaa? La pili ndilo linaninyima usingizi: anasema babu yake mzaa mama alikuwa mpagazi wa Wajerumani, alibeba mifupa hiyo mpaka Lindi mjini. Anauliza kama majina yao yameandikwa. Nisaidieni nisije nikaumbuka mbele ya wajukuu.

Kaka wa U6:
Pandeni treni ya U6, mshuke kituo cha Naturkundemuseum, kutoka hapo ni hatua chache tu. Bahati yenu Jumamosi, Jumatatu hawafungui. Bi mkubwa hatatembea sana, mjusi yuko ukumbi wa kwanza kabisa. Ila watoto wakishaona samaki na mijusi kwenye mitungi ya spiriti, hamtoki humo.

Sikubali_Tz:
Mnalipa kiingilio kuona mali yenu. Safi sana. Hongereni.

MwalimuMstaafu:
Mwanangu MwanaMtama, majina ya wapagazi wote usiyatafute ukutani, walikuwa mamia. Uchimbaji ulianza 1909 ukaisha 1913. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika juzi tu, 1907, na njaa ilikuwa imeiramba kusini yote, kwa hiyo kazi yenye ujira haikukosa watu. Mifupa ilifungwa kwa mianzi, ikapakiwa vichwani na mabegani, siku nne hivi mpaka bandarini Lindi. Jumla tani 225 au zaidi. Mingine mpaka leo imo kwenye mianzi yake huko Berlin, haijafunguliwa.

Mwambie mama kuna majina yaliyosalimika, mawili ni haya. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji: mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru aliitwa *Australodocus bohetii*. Na 2019 mwingine akaitwa *Wamweracaudia keranjei*, kwa ajili ya kabila la Wamwera na Mohammadi Keranje, naye wa kazi ile ile. Kisha muulize babu yake aliitwa nani.

MwanaMtama:
Mrejesho, wakuu. Shikamoo Mwalimu, umeniokoa.

Tulifika saa tano asubuhi. Mlinzi, binti mdogo tu, alimwona mama anavyoburuta mguu akamletea kiti. Sisi wengine tulikuwa tumeinua shingo, maana kichwa cha mjusi kiko juu mita 13 na kitu. Mama hakutazama juu. Alitazama miguu. Katulia weee, kisha: "Huo wa paja walibeba wangapi?"

Nikaanza kumweleza kwamba mifupa hii si ya mnyama mmoja, na kwamba mjusi alisimamishwa 1937. Hakuwa na habari na mimi. Akavua kanga ya juu, akaisokota kata, akamtwika mwanangu mdogo wa miaka 5 kichwani. Juu yake akaweka begi langu la mgongoni, lenye chupa mbili za maji na korosho (ndiyo, korosho zilikuja mpaka makumbusho). "Haya, nenda Lindi."

Mtoto kashika begi kwa mikono miwili, kapita mbele ya yule mjusi mwenye miiba mgongoni, shingo imekaza kama mzee. Hakufika mlangoni. Begi chini, puu! Mlinzi kageuka, nikajua tunatolewa. Kumbe anacheka. Mama hakucheka. Kamfunga mtoto kanga ile mabegani, akasema, "Bado siku tatu na nusu."

Sikubali, kiingilio kiliniuma kweli, sitakuficha. Lakini nilivyomwona pale nikasahau.

Jina la babu kanitajia kwenye treni tukirudi, na la kijiji, nimeyaandika yote mawili. Mwalimu, hao wa makumbusho nikiwaandikia Kiingereza watanijibu, au mpaka Kijerumani?

MwalimuMstaafu:
Marahaba. Kiingereza kinatosha. Ila jina la kijiji liandike kama mama anavyolitamka, usiliandike la kwenye ramani.