Jina la kikoa libebe namba yako ya simu hadharani?

Fundi Jokofu: Wakuu, naomba mawazo. Mwaka jana niliibiwa simu Mbagala Rangi Tatu. Laini haikuwa kwa jina langu, kuirudisha ikashindikana. Wateja wa miaka 9 wakapotea hivihivi. Sasa kijana wangu anasema nisajili jina langu la kikoa, yaani jina la kwenye mtandao, chini ya me.tz, namba iandikwe kwenye rekodi za jina lenyewe, hata tovuti sihitaji. Nikibadili laini nabadilisha rekodi, jina linabaki. Anasema ndiyo ile ya nukta tel (.tel). Nifanye?

Mzee wa Seva: Fanya. Nukta tel ilifunguliwa 2008, wenyewe ni Telnic wa London. Tovuti ulikuwa huruhusiwi kuweka. Namba, barua pepe na anwani vilikaa ndani ya DNS, ule mfumo wa mtandao unaojibu maswali kuhusu majina ya kikoa, ukiuliza jina unajibiwa namba moja kwa moja. Wazo safi sana, watu hawakulipokea. 2017 wakalegeza, ikawa jina kama majina mengine.

Kata Mbuga: Desemba 2008 walianza na wenye alama za biashara. Sisi wengine ni Machi 2009. Nilikuwa nalo.

Nyundo: Mimi sielewi hofu inatoka wapi. Mtu wa kazi halali haogopi namba yake kuonekana. Wazee wetu walikuwemo kwenye kitabu cha simu, jina, sanduku la posta na namba. Anayejificha ana lake jambo.

Cherehani Tanga: Kaka Nyundo, hilo "ana lake jambo" umenipiga mimi usoni. Niliandika namba yangu kwenye mlango wa kibanda ili wateja wanipate. Saa saba za usiku napigiwa na mwanamume nisiyemjua, ananiuliza nimelala na nani. Siyo mara moja, ni miezi. Mume wangu akaanza kuniangalia vibaya. Niambie jambo langu ni lipi.

Nyundo: Pole, lakini sikukutaja wewe. Chukua laini ya pili, ya kazi.

Cherehani Tanga: Na anayekuwa na laini mbili mnamwitaje mitaani? Unajua vizuri.

Mzee wa Seva: Ngojeni. Nukta tel ilikuwa na jibu la hili. Ulikuwa unaweza kufunga namba fulani zikasomwa na uliowakubali tu, wengine wasione kitu. Turudi hapo.

Bint Makunduchi: Turudi na kwenye Kiswahili pia. Kikoa ni watu kula pamoja kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Mmelichukua neno la sahani mkalipachika kwenye kompyuta.

Kata Mbuga: Na limekaa vizuri, dada. Tatizo ni kwamba hiki kikoa anakula hata asiyealikwa.

Nyundo: Kitabu cha simu je? Hakuna aliyenijibu.

Wakili wa Kijiweni: Nakujibu mimi. Kitabu kilifunguliwa na mtu mmoja, ukurasa mmoja, akitafuta jina moja. Rekodi ya DNS inaulizwa na programu, maelfu ya majina kwa mpigo, wala haiachi jina lake. Ukifuta leo, nakala imeshachukuliwa jana. Ndiyo maana WHOIS, orodha ya wazi iliyokuwa ikimwaga simu na anwani za wenye majina ya kikoa, ilianza kuficha Mei 2018 sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika. Na sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Nyundo: Sheria haizuii mtu kutangaza namba yake mwenyewe! Na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanazipata namba zetu bila DNS yoyote. Mama yangu alitumiwa, na namba yake haijawahi kuandikwa popote.

Cherehani Tanga: Basi mama yako naye ana lake jambo?

Nyundo: Mama yangu usimguse.

Cherehani Tanga: Simgusi, nampa pole. Nawe ulinigusa mimi bila kunijua.

Nyundo: Sawa. Lile neno nalirudisha. Nililisema kwa sababu fundi wangu wa gari alibadili namba akatoweka na hela yangu, tangu hapo nikisikia mtu anaficha namba napandwa na hasira. Niwie radhi, dada.

Mzee wa Seva: Fundi Jokofu, weka namba ya kazi pekee. Ya nyumbani isikaribie rekodi. Na jina lisajiliwe kwa jina lako, lisije likakupotea kama laini.

Fundi Jokofu: Nimeelewa, nitaanza na namba ya kazi. Dada Cherehani, wewe ya kazi unaizima saa ngapi? Friji za watu zinaharibika usiku, samaki wanaoza.

Cherehani Tanga: Saa moja jioni, nikishafunika cherehani. Ila msimu wa harusi naiacha hadi saa tatu, na simu anashika mume wangu.