Mjadala: Duka ligawe wateja kwa takwimu za msimu wa korosho?

Mleta hoja, Masasi
Chukulieni duka la vifaa vya ujenzi hapa Masasi mjini. Lina rekodi za mauzo za misimu mitatu kwenye kompyuta: tarehe, namba ya simu, bidhaa, shilingi. Mwenye duka anataka kuwagawa wateja makundi, kisha malipo ya korosho yakianza kuingia benki kila kundi litumiwe SMS yake. Wapo wanaosema hiyo ndiyo biashara, wapo wanaosema ni kumvizia mkulima. Wadau, karibuni.

Mtakwimu wa Mikindani
Naunga mkono, ila kazi ianzie kwenye namba za simu. Mteja yuleyule leo kaandikwa kwa kuanza na sifuri, kesho na 255, keshokutwa na alama ya kujumlisha. Kompyuta inahesabu watu watatu. Bakiza tarakimu tisa za mwisho, ndipo uunganishe.

Kisha kila mteja apate vipimo vitatu: siku tangu anunue mara ya mwisho, mara alizonunua, na jumla ya shilingi. Panga kila kipimo toka chini hadi juu, kata mafungu matano yenye watu sawa, toa alama 1 hadi 5, na aliyenunua karibuni zaidi apate 5. Mwenye 5-5-5 ni mteja wa kudumu. Mwenye 1-4-5 alikuwa mkubwa halafu akapotea, huyo ndiye wa kufuatwa. Ekseli inatosha. Wanaokimbilia programu za kuunda makundi zenyewe husahau kwamba shilingi ni malaki na mamilioni ilhali mara za kununua ni 2 au 9. Usipoviweka vipimo kwenye mizani moja, fedha inameza vingine vyote.

Mdau wa Newala
Mkuu, kipimo chako cha kwanza kitakudanganya huku kusini. Piga hesabu hiyo Juni: mkulima aliyenunua bati Desemba anaonekana kapotea miezi sita. Hajapotea, hana hela! Mikorosho ndiyo kwanza inapuliziwa salfa, na minada ni kuanzia Oktoba. Korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu 2007, yaani mkulima anaweka mzigo ghalani, anapewa risiti, na mzigo unauzwa mnadani, kwa hiyo fedha ya kijiji huja kwa mkupuo baada ya mnada. Wakati huohuo mwalimu anayenunua kitasa kila mwisho wa mwezi anavuna alama 5.

Linganisha Oktoba hadi Januari na miezi hiyohiyo ya msimu uliopita, basi. Mteja wa Nachingwea mwenye ufuta awe na dirisha lake la katikati ya mwaka.

Halafu kuna bidhaa yenyewe. Nani anaezeka nyumba ileile kila mwaka? Aliyechukua bati msimu jana sasa anafikiria dari, milango, rangi. Aliyechukua saruji na nondo tu ndiye wa kutumiwa bei ya bati. Mimi ningegawa kwa hatua ya nyumba kabla ya kugusa alama zozote.

Mtakwimu wa Mikindani
Hapo kwenye hatua ya nyumba umenishika, nakubali. Niongeze mafundi: namba moja ya fundi inabeba nyumba kumi za watu wengine, na ukimwacha kwenye kundi la wakulima wastani unapaa. Mtenge. Kwa waliobaki, badala ya wastani angalia mteja aliye katikati kabisa ya orodha.

Msoma sheria, Lindi
Mnaongea kama vile namba hizo ni mali ya duka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na taarifa iliyochukuliwa kwa kazi moja haigeuzwi kwa kazi nyingine kimyakimya. Namba iliyotolewa ili mzigo ufike nyumbani haikutolewa kwa ajili ya matangazo. Muulizeni mteja palepale kaunta, mwandike jibu na tarehe, na akisema basi iwe basi. Duka linalokusanya taarifa hizi lina wajibu wa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Na asije mtu na orodha ya malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, aliyopenyezewa na karani. Hiyo ni kama kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa magendo, ila hapa ni ya taarifa: unachukua cha mkulima kabla hajajua thamani yake.

Mfanyabiashara, Tandahimba
Dada, kijijini kila mtu anajua fulani kauza tani ngapi. Wauza pikipiki wanafika na spika siku ya malipo. SMS ina ubaya gani kuliko spika?

Msoma sheria, Lindi
Spika inamtangazia kila mtu bei ileile, kaka. SMS inaweza kumpa mkulima bei ya juu na fundi bei ya chini bila mmoja kujua ya mwenzake. Kama bei ni moja na kinachotofautiana ni bidhaa mnayomkumbusha, sina ugomvi na nyie.

Mdau wa Newala
Hata tukikubaliana hapo, faida ipimwe. Tuseme walioridhia ni 400. Watumie 320, wale 80 waliobaki, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wasitumiwe kitu. Wakinunua 48 kati ya 320, hiyo ni asilimia 15. Wakinunua 10 kati ya 80, ni asilimia 12.5. Mwenye duka atajisifu SMS imeleta wateja 48, wakati 40 wangekuja tu. Imeleta 8.

Mtakwimu wa Mikindani
Hata hao 8 usiwaamini. Kwa kundi la watu 80, wanunuzi wanaweza kuwa 7 au 13 kwa bahati tu, na wakiwa 13 SMS itaonekana imefukuza wateja. Gawa nusu kwa nusu, 200 na 200, urudie msimu ujao kwa utaratibu uleule kabla ya kununua kifurushi kikubwa cha SMS.

Mfanyabiashara, Tandahimba
Misimu miwili! Nikingoja hivyo, jirani yangu ameshauza bati zote.

Mdau wa Newala
Basi anza na wale walionunua saruji na nondo tu msimu jana. Hao hata bila alama unawajua, na pengine hawazidi hamsini: wapigie simu.