Serithi wanataga kwenye kioo kila mwezi, lakini watoto siwaoni

ZamuYaUsiku (Mombasa)

Salaam aleikum ndugu zangu wa matangi ya maji chumvi.

Nina tangi la lita 120 sebuleni, linaingia mwezi wa tisa sasa. Samaki ni wawili tu, wadogo. Walioniteka moyo ni konokono. Niliwanunua kwa jamaa aliyekuwa anavunja tangi lake: serithi kumi na wawili, wale wembamba warefu kama ncha ya penseli, na trokasi wawili, wale wenye umbo la pia.

Mimi ni muuguzi, zamu yangu ya usiku. Nikirudi alfajiri, kabla sijavua viatu, napita tangini na tochi. Ndivyo nilivyomkuta serithi mmoja amejibana kwenye kona ya kioo, na nyuma yake ameacha uzi mweupe uliojipinda kwenda na kurudi, kama tambi iliyogandia ubavuni mwa sufuria. Nikachukua lenzi. Ndani ya uzi mna vitone vimepangana, kila kimoja kidogo kuliko chembe ya chumvi. Siku ya tatu vile vitone vikaanza kuzunguka ndani ya vifuko vyao, polepole, kila kimoja kwa upande wake. Nilisimama pale mpaka chai yangu ikapoa. Siku ya tano uzi ulikuwa mtupu.

Imetokea mara saba tangu Machi. Mara saba, mayai hayahesabiki, na sijapata hata mtoto mmoja. Nimechambua mchanga kwa kijiko, nimetazama nyuma ya kila jiwe.

Vipimo: chumvi gramu 35 kwa lita (masika ilishuka hadi 31, nikairudisha), joto 27 hadi 28, kalsiamu 420, ualkali wa maji (dKH) 8. Nina skima (mashine ya kutoa uchafu kwa mapovu), chujio la sifongo na pampu moja ya mkondo. Maji nachota mwenyewe kwa madumu pale Tudor.

Wanakufa? Wanaliwa? Sitaki kuwauza, nataka kuwakuza tu. Kuona uhai unaanza mbele ya macho yako halafu unapotea kila mara, inaniuma.

Jahazi_Kigamboni (Dar es Salaam)

Waaleikum salaam dada, na pole na zamu.

Vipimo vyako vya sasa ni vizuri, usijilaumu. Ila mtoto wa serithi hatoki yaini akiwa konokono wa kutambaa. Anatoka akiwa kidudu cha kuelea, ana kigamba kama kioo na mabawa mawili yenye vinyweleo vinavyopiga maji. Hao uliowaona wakizunguka ndio hao. Akishatoka anaelea na maji kwa siku nyingi, na muda wote huo lazima ale mwani mdogo usioonekana kwa macho. Baharini kuna nafasi ya kuelea na chakula kimejaa. Kwako kuna skima, sifongo, pampu na midomo miwili ya samaki. Wengi wanachujwa siku ileile, na wanaobaki wanakufa njaa.

Mimi nimefuga miaka kumi na moja, na miwili ya mwanzo niliipoteza hapo ulipo wewe. Nilikuwa nauliza konokono gani anataga upesi. Swali lililonisaidia baadaye lilikuwa jingine: mtoto wake anakula nini siku ya kwanza?

Serithi, nasarius (yule anayejifukia mchangani) na nerita (yule anayeacha vidonge vyeupe kama ufuta) kwa kawaida watoto wao wanataka chakula cha kuelea tangu siku ya kwanza. Hao ni kazi kweli. Trokasi ni habari nyingine. Yai lake lina kiini cha kumtosha mtoto safari yote ya kuelea, na safari yenyewe ni siku tatu hadi tano tu, kisha anashuka kwenye jiwe akiwa konokono kamili. Stomatela naye hivyohivyo, yule anayefanana na koa aliyebeba kigamba kidogo mgongoni. Ukimshika vibaya anakata kipande cha mguu wake kama mjusi anavyoacha mkia. Akikujia na mawe, mtunze, atajaza tangi bila wewe kufanya lolote.

Kwa hiyo dada, ukitaka kuona watoto mwaka huu, anza na trokasi. Jambo hili limeshafanywa hata kwa ukubwa. Yule trokasi mkubwa wa Pasifiki, ambaye gamba lake lilikuwa likikatwa vifungo vya mashati, Palau walikuwa wakimzalisha kwenye matangi tangu miaka ya 1980. Na mwaka 1957 wachache walipelekwa Aitutaki katika Visiwa vya Cook, ambako hawakuwapo kabisa, wakazaliana mpaka wakawa wa kuvunwa.

Lakini wawili hawakutoshi. Dume na jike kwa nje hawatofautiani, kwa hiyo wawili ni bahati nasibu. Tafuta wafike sita au zaidi, na uwatafute kwa mtu anayewazalisha. Kuwaokota ndani ya hifadhi ya bahari hairuhusiwi, na hata nje ya hifadhi miamba yetu imeshachukuliwa vya kutosha.

Wiki mbili kabla, andaa chakula cha watoto. Chukua karatasi za plastiki za faili, zitumbukize kwenye beseni la maji ya bahari mahali penye mwanga mpaka zishike utando wa kahawia. Ule utando ni diatomu, mwani mdogo mno, ndio maziwa yao. Usiufute, hata mgeni akikuambia beseni chafu.

Kisha ngoja usiku. Wangu huwa wanafanya siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, saa moja au mbili baada ya taa kuzimwa. Wanapanda juu karibu na uso wa maji. Dume anaanza, anatoa moshi mweupe kama wa udi. Jike anafuata, anarusha mayai kwa mikupuo, chembe za kijani hafifu. Hapo hapo zima skima na pampu. Teka maji yale kwa jagi, tia kwenye ndoo safi, acha mayai yatue chini, mwaga maji ya juu taratibu na ujazie mapya ya chumvi ileile. Rudia mara mbili au tatu, maana shahawa zikizidi maji yanaoza. Kesho yake utawaona wanaogelea. Siku ya tatu tumbukiza zile plastiki.

Kuhusu maji ya Tudor: ile ni hori, mvua ikinyesha maji matamu na taka za mji vyote vinapita hapo. Kushuka kwako hadi 31 kumetoka huko. Waombe wenye mashua wakuletee ya nje ya mwamba, yakiwa yamejaa.

MuscatBarra

Dada Zamu, mimi naongeza moja tu kwa sababu liliniumiza. Samaki wangu walishikwa na madoa meupe, muuzaji akanipa chupa akasema ni salama kwa kila kiumbe. Ilikuwa na shaba. Baada ya siku mbili nerita wote ishirini walikuwa chini, migongo kwenye mchanga, vifuniko wazi. Shaba inaua konokono kwa kiasi kidogo mno, na inajificha kwenye mawe. Mawe yale sikuyarudisha tena kwenye maji ya konokono. Soma chupa mwenyewe, na samaki mgonjwa mtibu kwenye ndoo yake.

Na joto. Huku kiangazi nisipowasha kipoza, tangi linapita 31 na hakuna anayetaga. Nyinyi feni ndogo ya kupuliza juu ya maji inatosha, ila maji yatapungua haraka. Jazia maji matamu, usijazie ya chumvi.

ZamuYaUsiku

Nimewasoma mara tatu. Ahsanteni sana, na pole ndugu wa Muscat kwa nerita wako.

Trokasi nitawatafuta. Lakini serithi siwezi kuwaacha tu wakati wanataga mbele yangu. Nikitoa uzi mmoja nikauweka kwenye chupa, kuna njia?

Jahazi_Kigamboni

Ipo, dada, ila jiandae kuwapoteza mara nyingi kabla hujafaulu.

Kwangua uzi kwa kadi ya simu ya zamani siku ya tatu, wakishaanza kuzunguka. Tumia chombo cha duara, lita mbili au tatu. Usitie jiwe la hewa: mapovu madogo yanawanasa na kuwabandika kwenye uso wa maji, wanakaukia pale. Tia mrija mtupu wa pampu ya hewa, povu moja moja kubwa, taratibu. Chakula ni mwani hai. Isochrysis ni laini, unawafaa kuliko ule wa kijani wa kawaida wenye ganda gumu. Uko Mombasa, KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako hapo Mkomani, kawaulize kama wanaotesha. Maji yawe na rangi ya chai ya maziwa iliyotiwa maji mengi, yasizidi hapo. Kila siku badilisha nusu, ukichuja kwa nailoni ya wanaochapa fulana. Chandarua matundu yake ni makubwa, watapita wote. Wiki ya pili tia kijiwe chenye ukoko wa waridi, ule mwani mgumu unaoganda kwenye mawe. Wengi hungoja dalili kama hiyo ndipo watue chini na kuwa konokono wa kutambaa.

ZamuYaUsiku (miezi mitatu baadaye)

Narudi na habari.

Serithi: chupa ya kwanza walikufa wote siku ya nne, nilizidisha chakula, maji yakanuka. Ya pili walifika siku ya tisa. Ya tatu walifika siku ya kumi na sita, na nikaona kwa lenzi kigamba kimeongeza mzunguko mmoja. Hawakutua. Ya nne iko dirishani sasa.

Trokasi: mwenzetu wa Diani anayewazalisha aliniuzia watano, wakawa saba. Usiku wa bamvua mwezi uliopita nilikuwa wodini. Saa tatu kasoro simu ikalia, mwanangu wa miaka kumi na miwili: "Mama, konokono wanatoa moshi!" Nikatoka ukumbini, nikamwambia azime swichi zote mbili, achukue jagi la maji ya kunywa na ile ndoo ya bluu mpya. Alikuwa akihema kwenye simu, ananiambia kila anachoteka. Niliporudi alfajiri nilimkuta amelala kwenye zulia pembeni ya ndoo, mkono umeshika tochi.

Leo tumehesabu pamoja kwenye zile plastiki za faili: kumi na wanne. Wakubwa wana milimita moja hivi, wameshachongoka juu kama pia, na kila mmoja ameacha njia yake nyeupe kwenye utando wa kahawia.

Swali: niwahamishie tangini lini? Mle nina kaa wawili wanaoishi kwenye magamba ya kuazima.

Jahazi_Kigamboni

MashaAllah dada! Mpe kijana hongera yangu, kazi ile imewashinda watu wazima.

Usiwahamishe sasa. Ngoja wapite punje ya kunde, na kabla ya hapo watoe wale kaa, maana watawala kwa ajili ya nyama na gamba pia. Andaa plastiki nyingine leo leo. Kumi na wanne wataumaliza huo utando ndani ya wiki mbili.