Natafuta habari za baba yake babu, huko Kilema, Kilimanjaro: nianzie RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, vifo na ndoa) au parokiani?

Mjukuu wa Mlimani
Shikamooni wakubwa. Ukoo wetu unaandika kitabu cha ukoo na kalamu nimebebeshwa mimi. Kuanzia babu kushuka chini hatuna shida, ugumu uko kwa baba yake. Tunachojua ni kwamba alibatizwa Aloisi, kihamba chake (shamba la ukoo) kipo Kilema, na alifunga ndoa misheni. Mzee mmoja anasema Mangi Meli, mtawala wa Moshi, aliponyongwa na Wajerumani yeye alikuwa bado anachunga mbuzi.

Tatizo lingine ni kwamba alikuwa na wake wawili, na kila upande unadai bibi yao ndiye wa ndoa. Kikao ni Disemba watu wakisharudi nyumbani, kwa hiyo nataka karatasi, siyo kelele. Niende RITA nikatafute cheti chake cha kuzaliwa? Au parokiani? Na nikifika niombe nini hasa?

Karani Mstaafu
RITA achana nayo kwanza. Meli alinyongwa Machi 1900, kwa hiyo kama siku hizo alikuwa mchunga mbuzi, Aloisi wenu alizaliwa karibu na 1890. Usajili wa vizazi na vifo wa Mwingereza ulianza 1921, na hata hapo mtu mweusi wa kijijini hakulazimishwa kusajili. Hicho cheti hakipo, utapoteza nauli ya Dar. RITA itakufaa kwa watu wa karibu: kifo cha babu, au ndoa zilizofungwa baada ya Sheria ya Ndoa ya 1971.

Mama Parokia
Mjukuu, nimekaa ofisi ya parokia miaka mingi, nisikilize vizuri.

Usianze na Aloisi. Anza na babu yako. Kitabu cha ubatizo kina jina la mtoto, baba, mama, msimamizi, padri na tarehe. Ukipata ubatizo wa babu umepata majina ya wazazi wake, na hapo hutafuti tena Aloisi yeyote, unatafuta Aloisi mwenye mke fulani. Fanya hivyo kwa ndugu zake babu wote, maana mama anaweza kubadilika kutoka mtoto mmoja hadi mwingine, na kwenu hilo ndilo swali.

Ukifika kwenye ubatizo wa Aloisi mwenyewe, soma pembeni ya ukurasa. Kanisa linaagiza ndoa ya mtu iandikwe kwenye ubatizo wake, hata kama aliifunga parokia nyingine. Watu wananakili mstari wa katikati na kuacha pembeni, ndiko kwenye mali.

Vitabu vya zamani ni Kilatini. Aloisi utamkuta Aloysius, Yakobo ni Jacobus, Yohane ni Joannes. Kwa waliobatizwa wakubwa, umri ni wa kukisia. Ukiona "circiter" ujue padri alimtazama usoni akakadiria. Usiuweke kwenye kitabu cha ukoo kama mwaka kamili.

Nenda na barua ya jumuiya yako, taja miaka unayotafuta, na usiende Jumapili.

Kinyonga
Kutafuta "Aloisi wa Kilema" ni kama kwenda Kibosho sokoni na kuita "Mushi!" 😂 Watageuka wote. Na jina la ukoo usilitegemee, zamani mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake, la ukoo wengi waliliweka mbele baadaye shuleni. Ila sisi Wachaga tuna dawa yetu: mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Panga watoto wa kila mke kwa kufuatana. Wa kwanza wa pande zote watakupa baba yake Aloisi, wa pili watakupa baba wa kila bibi.

Mchimba Nyaraka
Naongezea tahajia. Wajerumani waliandika Dschagga kwa Chaga, Kiboscho kwa Kibosho, Madschame kwa Machame. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofungua Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 wengi walizoea Kifaransa, "u" inaweza kuwa "ou". Soma kwa sauti, usisome kwa macho.

Kabla ya 1910 Kilimanjaro haikuwa vikariati yake (eneo la kanisa lenye askofu wake), ilikuwa chini ya Bagamoyo. Barua na taarifa za mapadri hao zipo kwenye nyaraka za shirika lao Chevilly-Larue, Ufaransa. Mkulima wa kawaida humo humpati kirahisi, isipokuwa alikuwa katekista. Kama alilima kahawa, ulizia pia karatasi za chama cha wakulima cha 1925, kabla ya KNCU (chama cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro) ya 1933. Nyaraka za Taifa pale Upanga ni nzuri kwa mambo ya wamangi na kodi.

Mjukuu wa Mlimani
Asanteni sana. Mama Parokia, nikikuta ndoa ya bibi mmoja tu, si ndiyo nimemaliza ubishi?

Mama Parokia
Hujamaliza, mwanangu, na hapa ndipo koo nyingi zinaumizana. Mwenye wake wawili hakubatizwa mpaka abaki na mmoja. Akishachagua, anabatizwa na ndoa inaandikwa. Kwa hiyo ndoa ya 1912, mfano, haisemi waliishi pamoja tangu lini, na bibi asiyeandikwa huenda ndiye aliyetangulia, ametolewa mahari na ng'ombe wakashuhudiwa na ukoo. Kitabu cha ndoa kinakuambia nani alisimama mbele ya padri. Nani alikuwa mke kimila waulize wazee, na uwaulize kwa matukio, siyo miaka: mtoto huyu alizaliwa kabla au baada ya reli kufika Moshi (1911)? Mjerumani alipokimbia (1916) alikuwa anatembea?

Karani Mstaafu
Na kila upande waulize peke yao. Ukiwaweka kikao kimoja, yule mzee mwenye sauti kubwa ndiye atakayeandika kitabu chako.

Mjukuu wa Mlimani
Sawa wakuu. Jumatatu ijayo nipo ofisi ya parokia na barua mkononi. Picha za kurasa wanaruhusu?

Mama Parokia
Inategemea paroko. Wengi watakataa, kwa sababu ukurasa una habari za watu wengine. Nenda na daftari, nakili namba ya ubatizo pamoja na ukurasa, na omba cheti chenye muhuri.