Mrejesho: misalaba ya shaba, darasa la nne, Lubumbashi

Ndugu zangu, niliuliza nifundisheje uchongaji bila pesa. Aliyesema nianze na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, aksanti sana. Watoto wanaliona kila asubuhi. Mlima wa makapi ya shaba iliyoyeyushwa, ulio karibu nalo, tuliuchora kwa mbali tu, maana una madini ya sumu. Udongo tulichota kwenye kichuguu, kama wahenga walivyojengea tanuru zao, zamani kabla ya kiwanda kuanza kuyeyusha shaba 1911. Tukachonga kalibu ya msalaba wa Katanga, ile pesa ya kale ya shaba, tukamimina plasta. Msalaba wa kwanza ulivunjika mkono: niliacha udongo ukauke, kosa langu. Wa pili ukatoka mzima. Mtoto mmoja akaupima kiganjani: “Mwalimu, huu unanunua kuku?”