Naombeni ushauri: nalipwa chini ya mwanaume tuliye naye cheo kimoja

Wadau habari zenu. Niko Marekani, Minnesota, nimeajiriwa ofisi moja ya serikali ya jimbo, jina siitaji. Huku mishahara ya watumishi wa jimbo iko wazi kisheria, yeyote anaangalia mtandaoni, sasa juzi nikaangalia nikakuta kaka mmoja tulioajiriwa naye mwaka mmoja, cheo kilekile, meza zetu zinatazamana na mafaili magumu ananiletea mimi, yuko ngazi mbili za mshahara juu yangu. Imeniuma jamani.

Jimbo lina sheria ya usawa wa mishahara tangu 1982, ila ile hasa inalinganisha kada na kada, yaani kazi zilizojaa wanawake zisilipwe chini ya zilizojaa wanaume wakati uzito ni uleule. Sisi tuko kada moja. Tofauti imeanzia kwenye ajira, niliulizwa nilikotoka nilikuwa nalipwa ngapi wakanipangia mshahara kwa kufuata hiyohiyo, na sheria ya kumkataza mwajiri kuuliza hivyo imeanza 2024, mimi nilishaingia kitambo.

Sasa nianzie kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au niende HR moja kwa moja na maandishi? Mabosi wetu wa juu mwanamke ni mmoja tu, na yeye hayupo kwenye mambo ya mishahara, naogopa nionekane mkorofi halafu kupanda cheo iwe ndo basi. Mlio kwenye kazi za serikali za majimbo, hata majimbo mengine, mlifanyaje? Na malimbikizo ya nyuma yanadaika au nipiganie tu kupandishwa ngazi kuanzia sasa?