Mjadala: Mwalimu wa Kifaransa hapa Kigoma, Mrundi au kijana wetu?

Mzazi wa Mwanga:
Wakuu, mwakeye. Kuna jambo linatugawa wazazi, nalileta hapa tulijadili bila matusi. Shule ya binafsi anayosoma binti yangu kidato cha pili ina walimu wawili wa Kifaransa. Mmoja katoka Bujumbura, mwingine ni kijana wa Kasulu aliyesomea ualimu Dar. Kipindi cha Mrundi darasa linatulia. Cha kijana wetu, akitamka neno tu nyuma wanalirudia kwa kubana pua, darasa zima kicheko. Sasa kwenye kikao wapo wanaotaka aondoke, waletwe "wenye lugha" watupu.

Napinga. Kwanza, mwenye lugha ni nani hapo? Huyo wa Bujumbura kazaliwa na Kirundi, Kifaransa kakikuta shuleni, kama kijana wetu alivyozaliwa na Kiha. Pili, binti ananiambia siku hizi kijana anafundisha Kifaransa kwa Kiswahili mwanzo mwisho. Nani asiyeelewa kwa nini? Kila akifungua mdomo anachekwa. Kisha wazazi hao hao wanasema hakijui.

Kibirizi Kwetu:
Mkuu, unazunguka mbuyu. Kirundi kazaliwa nacho, sawa, lakini kasoma hesabu, historia na jiografia kwa Kifaransa. Huyu wetu kasoma Kifaransa kama somo moja la vipindi vichache kwa wiki. Halafu tuko mpakani! Mwanangu kamaliza na alama nzuri, Mkongo kamsemesha Kifaransa hapa bandarini, kababaika mpaka nikaona aibu mimi.

Dagaa Kavu:
Mkongo wa Kalemie akusemeshe Kifaransa Kibirizi ya nini, na Kiswahili anacho? Huyo alikuwa anamringia mtoto wa watu.

Kibirizi Kwetu:
Haya cheka. Akienda Bujumbura kutafuta kazi kwenye shirika utaniambia.

Kidato cha Nne:
Shikamooni wakubwa. Nasema tunayoyaona darasani. Sir Mrundi akiongea raha, unajisikia uko mbali. Ila alitufundisha sabini ni *septante* na tisini ni *nonante*. Kwenye jaribio aliyesahihisha ni mwalimu mwingine, Mtanzania, akapiga mkasi zote, kwa sababu kitabu chetu kimeandika *soixante-dix* na *quatre-vingt-dix*. Darasa likagoma. Baadaye tukaambiwa Burundi na Kongo zilitawaliwa na Ubelgiji, na Wabelgiji ndivyo wanavyohesabu. Kumbe wote walikuwa sahihi, lakini alama hazikurudi. Mimi nilitaka mmoja wao aje aseme mapema kwamba Kifaransa kina sura zaidi ya moja. Na kuhusu kumcheka mwalimu, ni kweli tunafanya. Anayecheka zaidi ndiye asiyejua.

Mstaafu wa Ujiji:
Marahaba mwanangu. Ugomvi huu ni wa zamani kuliko wewe. Mwaka 1961 pale Makerere ulikaa mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Mojawapo ya imani zilizotawala pale ni kwamba mwalimu bora ni aliyezaliwa na lugha hiyo. Robert Phillipson, mtaalamu wa lugha na mwenyewe Mwingereza, aliikosoa imani hiyo mwaka 1992, akaiita potofu. Naye Péter Medgyes wa Hungaria, mwalimu wa Kiingereza asiyezaliwa nacho, alitetea wenzake: mtu aliyepita njia kwa miguu anajua mashimo yalipo. Hakusema kwamba wako sawa katika kila kitu. Alikiri kuwa ufasaha ndio unaowasumbua.

Nina la kuongeza ambalo wazazi hawalisemi. Wapo wamiliki wanaompenda mgeni kwa sababu hadai mkataba. Sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia inataka kibali cha kazi. Ulizeni kwenye kikao kama kipo, na kama analipwa sawa na mwenzake. Mtaona watu wanavyotazamana.

Mzazi wa Mwanga:
Mzee, hilo la kibali nalibeba.

Kibirizi, nakubali kijana anahitaji kukisikia na kukiongea. Lakini tunayemtafuta badala yake tutamlipa, si ndiyo? Basi fedha hiyo tumpeleke kijana Bujumbura likizo ya Juni. Ukipitia mpaka wa Manyovu unafika siku hiyo hiyo, na Kirundi na Kiha vinasikilizana, hawezi kupotea. Akirudi, yeye na Mrundi wakae wasahihishe mitihani pamoja, hayo mambo ya *septante* yaishe. Na mwalimu wa zamu asimame mlangoni wiki ya kwanza, nione nani atabana pua.

Kibirizi Kwetu:
Akienda akaajiriwa hukohuko?

Mzazi wa Mwanga:
Basi utakuwa umekubali kwamba anakijua.